Kiu ya Gari la Porini Haianzii kwenye Injini

Toyota ilipoleta Land Cruiser ya familia ya 250 katika soko la Marekani, iliiacha V8 ya lita 5.7 iliyokuwa kwenye Land Cruiser 200 na kuweka injini ya silinda nne ya lita 2.4 yenye turbo, ikisaidiwa na mota ya umeme. Silinda nne na haibridi vilipotajwa pamoja, wengi walitarajia gari kubwa la porini litakalokunywa mafuta kama gari dogo la mjini. Kisha zikatoka takwimu za EPA, shirika la Marekani linalosimamia mazingira: maili 23 kwa galoni kwa wastani, yaani takribani kilomita 9.8 kwa lita. Manung'uniko yakaanza. RAV4 ya haibridi, inayotoka kwa kampuni hiyohiyo, ilikuwa imepewa maili 40 kwa galoni, karibu kilomita 17 kwa lita. Watu wakauliza haibridi gani hii isiyofika hata kilomita 10. Maswali ya namna hiyo hujitokeza kila linapozinduliwa gari jipya la chesisi, yaani lenye bodi iliyowekwa juu ya fremu ya chuma, gia ya chini ya kupitia sehemu ngumu na difu zinazoweza kufungwa ili magurudumu yazunguke pamoja, na naamini yanaulizwa pasipo mahali pake.

Msimamo wangu ni kwamba namba ile si ndogo. Iko karibu na kikomo ambacho gari la umbo lile, kimo kile na uzito ule linaweza kufikia kwa petroli likiwa barabara kuu. Anayetaka ipande zaidi itabidi aguse vitu ambavyo wapenzi wa magari haya hawataki viguswe: umbo la sanduku, matairi mapana yenye meno, kimo, na mizigo ya juu ya paa. Injini imebebeshwa lawama ya wengine. Na tukiendelea kuilaumu injini peke yake, tutaendelea kununua magari kwa kusoma maandishi ya nyuma ya gari, yaani turbo, haibridi au V6, huku kinachomaliza tenki tumekiacha bila kukitazama.

Tuanze na namba zenyewe, maana hata namna tunavyozisoma inatupotosha. Land Cruiser 200 ilipewa maili 14 kwa galoni, ambazo ni kama kilomita 6 kwa lita. Kutoka 6 hadi karibu 10, mtu huona nne tu zimeongezeka. Akisikia gari dogo limetoka kilomita 15 hadi 25 kwa lita, huona kumi zimeongezeka na kupiga makofi. Lakini chukua safari za kilomita 10,000. Gari la kilomita 6 kwa lita linahitaji lita 1,667, na la kilomita 10 linahitaji lita 1,000. Umeokoa lita 667. Gari dogo lililotoka 15 hadi 25 limeshuka kutoka lita 667 hadi 400. Umeokoa lita 267. Faida iliyoonekana ndogo ni zaidi ya mara mbili ya ile iliyoonekana kubwa. Watafiti Richard Larrick na Jack Soll walilieleza kosa hili la macho katika jarida la Science mwaka 2008, na tangu hapo sijaona sababu nzuri ya kuendelea kulinganisha magari makubwa kwa kilomita kwa lita. Lita kwa kilomita 100 ndicho kipimo kinachosema ukweli kuhusu kinachotoka kwenye tenki. Kwa kipimo hicho, Land Cruiser ilitoka lita 16.8 hadi lita 10.2. Zimeondoka lita 6.6 katika kila kilomita 100, na hicho ni kiasi kinachozidi matumizi yote ya ile RAV4, ambayo ni lita 5.9.

Sasa tuje kwenye kikomo nilichokitaja. Hesabu yake haihitaji maabara. Chukua gari la tani 2.3, lenye uso wa mbele wa mita tatu za mraba na umbo la sanduku ambalo kigawo chake cha ukinzani wa hewa, yaani namba inayoonyesha umbo linavyozuiwa na hewa, ni 0.45, karibu sawa na kile kinachotajwa kwa Jeep Wrangler. Likiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa, hewa inalisukuma nyuma kwa nguvu ya takribani nyutoni 756. Matairi ya kawaida ya barabara, kwa kujikunja na kujinyoosha kila yanapozunguka, yanaongeza nyutoni kama 270. Jumla ni zaidi kidogo ya nyutoni 1,000, na karibu robo tatu yake ni hewa tu. Kusukuma mzigo huo kwa kilomita 100 kunahitaji nishati ya megajuli kama 103 kwenye magurudumu. Lita moja ya petroli ina megajuli zipatazo 32, na tukilipa gari letu ufanisi mzuri wa asilimia 30 kutoka kwenye tenki hadi kwenye magurudumu, kila lita inatoa megajuli 9.6. Gawanya, utapata lita 10.7 kwa kilomita 100. Hapa hatujataja idadi ya silinda wala jina la kampuni, na bado tumefika jirani kabisa na namba iliyoleta manung'uniko.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa gari la saluni la tani moja na nusu, lenye kigawo cha hewa cha 0.28, uso wa mita za mraba 2.2 na matairi yanayobingirika kwa urahisi zaidi, ambayo kigawo cha ukinzani wake ni 0.009 badala ya 0.012 ya gari letu. Nguvu zote zinazolizuia kwa mwendo uleule hazifiki nyutoni 480, chini ya nusu ya zile za gari la porini. Kwa ufanisi uleule lingetumia lita 5. Tofauti kati ya lita 5 na lita 10.7 imeletwa na umbo, uzito na matairi, kwa sababu injini tumeiweka sawa kwa makusudi. Hata tukiwaita mafundi bora duniani waongeze ufanisi wa gari letu kutoka asilimia 30 hadi 33, kazi ambayo katika uhandisi wa injini ni miaka ya jasho, tungeokoa lita moja. Dereva akipunguza mwendo kutoka 110 hadi 90, anaokoa zaidi ya lita mbili na nusu siku hiyohiyo. Akipandisha hadi 130, matumizi yanakaribia lita 14. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na sanduku halisamehewi.

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya takwimu rasmi kwa anayejua pa kutazama. Gari la kawaida la petroli hutumia mafuta mengi zaidi mjini na kidogo zaidi barabara kuu, kwa sababu mjini kuna kusimama na kuondoka. Land Cruiser 200 ilikuwa hivyo: maili 13 mjini, 17 barabara kuu. Lakini tazama Ineos Grenadier, gari lililochorwa kwa makusudi lifanane na magari ya porini ya zamani, lenye injini ya BMW ya lita 3.0 ambayo katika magari mengine ya barabarani inasifiwa kwa ubora wake. EPA iliipa toleo la 2024 maili 15 mjini, na barabara kuu maili 15 zilezile. Faida yote ambayo injini huipata kwa kukimbia bila kusimama imemezwa na hewa. Kama injini ndiyo ingekuwa mshtakiwa mkuu, injini ile isingetoa matokeo hayo.

Na hapa ndipo hoja ya walalamikaji kuhusu haibridi inapostahili kujibiwa kwa heshima, maana si hoja ya kijinga. Wanasema RAV4 nayo ina kimo, nayo inavuta magurudumu manne, kwa nini iwe karibu mara mbili kwa ubora? Jibu ni kwamba mfumo wa haibridi huokoa mafuta kwa njia chache zinazojulikana: hurudisha nishati ya breki kwenye betri, huzima injini gari linaposimama kwenye foleni au kutambaa, na huiwezesha injini kufanya kazi katika eneo lake lenye ufanisi zaidi. Njia mbili za kwanza zina thamani kubwa mjini na karibu hazina kazi barabara kuu, ambako hushiki breki kwa nusu saa nzima. Ndiyo maana Land Cruiser 250 ina maili 22 mjini na 25 barabara kuu: umeme uliinua namba ya mjini kwa kishindo, ile ya barabara kuu ikabaki mikononi mwa hewa. Kuna jambo la pili, nalo ni haki yao kulilalamikia. Toyota haikuupanga mfumo huu kwa ajili ya mafuta kwanza. Betri yake ni ya kilowati-saa 1.87 tu, na mota imewekwa kati ya injini na gia ili kuongeza nguvu ya kuvuta, hadi ifikie takribani nyutoni-mita 630. RAV4 inatumia mpangilio mwingine kabisa, na injini yake isiyo na turbo imetengenezwa kwa ajili ya ufanisi. Neno haibridi limebandikwa kwenye magari yote mawili, ingawa moja linatafuta mafuta na jingine linatafuta msuli. Kampuni ingelisema hilo waziwazi, matarajio yasingepotoka.

Turbo nayo ina hadithi inayofanana. Injini ndogo yenye turbo hushinda injini kubwa inapofanya kazi nyepesi, kwa kuwa haiburuzi silinda nane zisizohitajika. Ukiibebesha sanduku la tani mbili na nusu, trela nyuma na mlima mbele, nafuu hiyo hupungua haraka. Turbo inajaza hewa, injini inahitaji mafuta yanayolingana na hewa hiyo, na wakati mwingine mafuta ya ziada ili kupoza chumba cha mwako. Mmiliki anayevuta mzigo mzito kila wiki asishangae kuona injini yake ndogo inakunywa kama ile kubwa aliyoiacha. Anayeendesha bila mzigo kwa kilomita 90 kwa saa ataona tofauti yote aliyoahidiwa.

Matairi yanastahili nafasi kubwa kuliko yanayopewa. Ford Bronco ni mfano mzuri kwa kuwa EPA huorodhesha matoleo yake kwa mistari tofauti. Injini ileile ikiwekewa kifurushi cha Sasquatch, chenye matairi ya inchi 35 na gia fupi za ekseli, hupoteza maili mbili hivi au tatu kwa galoni ukilinganisha na toleo la msingi. Bronco Raptor, yenye matairi ya inchi 37 na injini tofauti yenye nguvu zaidi, imeshuka hadi maili 15. Katika hesabu yetu ya awali, kutoka tairi la barabara hadi tairi la matope kunaweza kuongeza nyutoni 135 hivi, nazo ni kama lita moja na nusu kwa kila kilomita 100, kabla hatujahesabu uzito wa tairi lenyewe na kimo kinachofungua tumbo la gari kwa hewa. Rafiki yangu aliwahi kupeleka gari lake kwa fundi, nozeli zikaoshwa na plagi zikabadilishwa kwa kuwa lilianza ghafla kula mafuta. Lilianza kula mafuta wiki alipofunga matairi ya matope na keria ya paa, na nozeli hazikuwa na kosa lolote. Kuna mtego mwingine hapohapo: tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo gari ambalo halijarekebishwa kipimo chake huhesabu umbali mdogo kuliko lililousafiri. Kutoka kipenyo cha inchi 32 hadi 35 ni kosa la zaidi ya asilimia 9. Sehemu ya ulafi unaosomeka kwenye dashibodi haipo kabisa, na sehemu iliyobaki ipo kweli. Asiyezitenganisha hatajua la kurekebisha.

Keria nayo tusiipite. Serikali ya Marekani, katika mwongozo wake wa matumizi ya mafuta, inasema sanduku kubwa butu la juu ya paa linaweza kupunguza ufanisi kwa asilimia 10 hadi 25 katika mwendo wa kati ya kilomita 105 na 120 kwa saa. Wapo wanaobeba keria tupu mwaka mzima kwa ajili ya safari moja.

Wapo pia wanaosema namba zote za maabara ni uongo, kwa hiyo mjadala wote huu ni bure. Wana sababu za kuwa na shaka. Jaribio la zamani la Ulaya, NEDC, lilidumu dakika 20 kwa wastani wa kilomita 34 kwa saa, kwa hiyo liliigusa hewa ya barabara kuu kwa muda mfupi tu. WLTP, jaribio lililoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2017, ni kali zaidi, lakini ripoti ya Tume ya Ulaya ya Machi 2024, iliyokusanya data kutoka kwenye vifaa vilivyo ndani ya magari yenyewe, ilionyesha magari ya petroli na dizeli yakitumia takribani asilimia 20 zaidi ya namba rasmi. Kwa magari ya haibridi ya kuchaji pengo lilikuwa la kutisha: mara tatu na nusu. Jeep Wrangler 4xe inaeleza sababu. Namba kubwa iliyotangazwa ilikuwa maili 49 kwa galoni, iliyojumlisha umeme na petroli kwa kipimo kimoja. Betri ikiisha baada ya maili 20 na ushei, zinabaki maili 20 kwa galoni, na gari linaendelea kubeba betri ambayo haina cha kutoa. Anayechaji kila usiku na kuendesha safari fupi ana faida ya kweli. Asiyechaji amenunua uzito.

Hata hivyo, kusema namba ina pengo hakufanyi namba iwe bure. Pengo la asilimia 20 linafahamika na linaweza kuongezwa kichwani. Lisilovumilika ni kulinganisha namba za majaribio tofauti kana kwamba ni za jaribio moja. Nchini Australia, ndugu wa Land Cruiser hiyohiyo anaitwa Prado, anatumia dizeli ya lita 2.8, na namba yake rasmi ni lita 7.6 kwa kilomita 100. Mtu huiweka 7.6 kando ya 10.2 ya Marekani na kuhitimisha kuwa haibridi ni utapeli. Hajaona kwamba jaribio la Australia lililotoa namba ile lilijengwa juu ya NEDC, lile jaribio jepesi. Wala hajaona kwamba lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takribani asilimia 12, mbali na injini ya dizeli yenyewe kuwa na ufanisi wa juu zaidi. Dizeli kweli inashinda katika kazi hii, nakubali, hasa kwa anayevuta mizigo. Haishindi kwa pengo hilo.

Nimeiacha mwisho hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: kwamba anayenunua gari la porini hajali mafuta, na anayejali mafuta anunue gari jingine. Hoja hii haimjui hata huyo mtu wa porini inayedai kumsemea. Kwenye mchanga laini, kigawo cha ukinzani wa tairi kinaweza kuwa kati ya 0.1 na 0.3, wakati kwenye lami ni 0.012 hivi. Hata kwa 0.1, baada ya kupunguza upepo wa matairi na kuchagua njia vizuri, gari letu la tani 2.3 linahitaji nyutoni 2,250 kwa ajili ya matairi peke yake. Kwa injini inayofanya kazi katika ufanisi wa asilimia 25, ni lita 28 kwa kilomita 100. Tenki la Land Cruiser 250 ya Marekani lina lita kama 68. Kwa kiwango hicho linaisha kabla ya kilomita 250, na huko mchangani hakuna kituo cha mafuta. Kila lita isiyotumika ni umbali wa kurudi. Kubeba lita 100 za ziada ni kubeba kilo 75 za petroli bila kuhesabu madumu, na zikiwekwa juu ya paa, zinapandisha kitovu cha uzito kwenye gari ambalo tayari ni refu kwenda juu. Wanaovuka majangwa hupanga safari yao nzima kuzunguka mafuta. Wao ndio wanaojali kuliko mtu mwingine yeyote.

Isitoshe, hoja hiyo humtazama mnunuzi wa kwanza tu. Magari haya huishi muda mrefu na hupita mikono mingi. Anayechagua matairi ya inchi 35 dukani huenda asiwe naye baada ya miaka minne. Atakayelipa mafuta kwa miaka kumi na mitano inayofuata ni mmiliki wa pili, wa tatu na wa nne, watu ambao walilitaka kwa uimara wake na mara nyingi hawana fedha za kutupa. Uamuzi wa mtu mmoja kuhusu mwonekano unakuwa bili ya watu ambao hakuwahi kukutana nao. Nikisikia mtu akisema mafuta si hoja katika gari kama hili, najua anamzungumzia mtu mmoja tu kati ya wote watakaolimiliki.

Kampuni nazo zisijifiche nyuma ya sheria za fizikia nilizozieleza. Fizikia inaweka kikomo, lakini hailazimishi uzembe. Mercedes-Benz ilipoifanyia G-Class marekebisho mwaka 2024, ilishusha kigawo chake cha ukinzani wa hewa kutoka 0.53 hadi 0.48 kwa mambo kama ukingo mdogo juu ya kioo cha mbele na mabamba mapya kwenye nguzo zake, na gari likabaki na sura yake ya sanduku ambayo imependwa tangu 1979. Upungufu wa asilimia 9 ulikuwa unasubiri kuchukuliwa. Magari mangapi mapya yanazinduliwa yakiwa na bawaba za nje, ngazi za pembeni na taa za paa ambazo kazi yake ni picha ya tangazo?

Sheria nazo zimechangia. Nchini Marekani, ambako viwango vya matumizi ya mafuta vilianzishwa na sheria ya mwaka 1975, gari linaweza kuhesabiwa kuwa lori jepesi, na hivyo kupewa lengo rahisi zaidi, kama linavuta magurudumu manne na kutimiza sifa nne kati ya tano za umbo: pembe ya kuingilia, yaani mwinuko ambao pua ya gari inaweza kuukabili bila kugusa, ya digrii 28, pembe ya tumbo ya digrii 14, pembe ya kutokea kwa nyuma ya digrii 20, sentimita 20 chini ya tumbo, na sentimita 18 chini ya ekseli. Tafakari maana yake. Kuliinua gari kwa sentimita chache, jambo linaloongeza mafuta, kunaweza kulitoa kwenye kundi la masharti makali na kuliingiza kwenye kundi la masharti mepesi. Na tangu mwaka 2025 hata faini ya kukiuka viwango hivyo imeshushwa hadi sifuri. Matokeo hayaonekani kwenye magari ya porini halisi, ambayo ni machache, bali kwenye wimbi la magari yanayovaa nguo zao. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linasema mwaka 2023 magari ya aina ya SUV yalikuwa karibu nusu ya magari yote mapya yaliyouzwa duniani, na kwamba kila moja lina uzito wa kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la kawaida la kati. Mengi kati ya hayo hayatagusa mchanga maishani mwake. Yanalipa gharama ya pori kila siku kwenye lami.

Kwa hiyo mtu anayetarajia gari jipya la porini la petroli atarajie nini? Kwa mwendo wa kilomita 90 hadi 100, tairi za barabara na paa tupu, lita 9 hadi 10 kwa kilomita 100 ni matokeo mazuri sana. Kwa 110 hadi 120, lita 11 au 12 si hitilafu. Matairi ya matope yataongeza lita moja na nusu, keria yenye mzigo moja au mbili zaidi. Nje ya barabara aache kuhesabu kwa kilomita na ahesabu kwa saa, kwa sababu katika gia ya chini injini inaweza kunguruma kutwa nzima gari likisogea mwendo wa mtu anayetembea. Haibridi ataiona faida yake mjini na kwenye barabara za vilima. Kwenye tambarare ndefu ataiona kidogo sana, na hilo halimaanishi kuwa imeharibika.

Ninachotaka kutoka kwa watengenezaji hakihitaji uvumbuzi wowote. WLTP tayari inawalazimu kukokotoa namba ya kila gari kulingana na matairi na vifaa lilivyofungiwa, kwa hiyo hesabu wanazo. Kwenye ukurasa uleule mnunuzi anapochagua tairi la inchi 35 kwa kubofya mara moja, waonyeshe palepale lita zinazoongezeka kwa kila kilomita 100 na kilomita zinazopungua kwa kila tenki. Waweke namba ya kilomita 120 kwa saa kando ya ile ya wastani, maana wanunuzi wengi wataishi katika mwendo huo. Na kwa magari yanayouzwa kwa picha za matuta ya mchanga, watoe matumizi kwa saa katika gia ya chini, gari likiwa limebeba uzito wake kamili unaoruhusiwa, jambo ambalo idara zao za majaribio hulipima hata sasa kabla gari halijaingia sokoni.